Kikombe cha Wageni

Mwaka ule nilimwosha miguu bibi mmoja mara tatu, na mara zote tatu miguu yake ilikuwa safi kuliko yangu. Alikuwa mjane mzee wa kanisani kwetu, karibu na Nyaramba, mwenye nyayo nyembamba na kucha alizokatwa na wajukuu siku iliyotangulia. Niliinama mbele yake kwa unyenyekevu mkubwa. Aliyeniona angesema huyu mwalimu amejishusha kweli. Mimi nilijua kwamba nimejificha.

Kwa asiyejua desturi yetu sisi Wasabato, nieleze kidogo. Kila baada ya miezi mitatu tunashiriki meza ya Bwana, na kabla ya mkate na maji ya zabibu tunaoshana miguu, wawili wawili. Wanaume hubaki ndani. Wanawake tunatoka nyuma ya kanisa, kwenye nyasi, ambako mashemasi wameshapanga mabenchi, mabeseni na taulo. Hakuna anayekupangia mwenzako, unachagua mwenyewe, na hapo ndipo penye kazi. Sabato ya kabla yake hutolewa tangazo: mwenye neno na mwenzake akalimalize nyumbani, na likimshinda nyumbani basi alimalizie kwenye beseni. Kwa hiyo siku hiyo kila jicho linaangalia nani amembebea nani maji. Akina mama wa kwetu husoma mabeseni kuliko mimi ninavyosoma rejista ya darasa.

Mtu niliyepaswa kumbebea beseni alikuwa mke wa ndugu mdogo wa mume wangu. Kwetu wake za ndugu huitana mke mwenza, kwa utani, ingawa kila mmoja ana mume wake na mlango wake. Milango yetu inatazamana. Katikati kuna uwanja, chini ya uwanja kuna chai inayoteremka mpaka mtoni, na nyuma ya jikoni lake kuna migomba. Mimi nafundisha shule ya msingi upande wa Masimba, nimepanga chumba huko, na Ijumaa mchana narudi nyumbani kabla jua la maandalio ya Sabato halijazama.

Zamani nilikuwa nikifika hata mkoba sijautua, nasikia sauti yake kutoka jikoni.

"Mwalimu, shika kisu. Hizi ndizi hazitajimenya."

Basi naketi kwenye kigoda na kofia yangu ya safari kichwani, namenya. Sijui kumenya ndizi mbichi. Nakata maganda mazito, nusu ya ndizi inaondoka nayo. Yeye alikuwa akiokota ganda langu moja, analigeuza mwangani, analitazama pande zote, kisha ananiuliza, "Sasa hapa unamenyea watu ama unamenyea ng'ombe?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilizaliwa msichana peke yangu katikati ya wavulana watano, na sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kupata dada akiwa na miaka thelathini.

Kisha mama mkwe akaugua. Moyo ulichoka, miguu ikavimba, na kidogo kidogo akashindwa kuteremka hata kwenye migomba yake mwenyewe. Aliugua miaka miwili. Mimi nilikuja kila mwisho wa wiki, na mkate, na sukari, na ushauri. Nilikuwa hodari sana wa ushauri. Nilihesabu vidonge kwenye chupa, nikauliza kwa nini dirisha limefungwa, nikauliza kwa nini uji ni mzito. Jumapili alasiri nilibeba mkoba wangu nikaondoka, nikaacha dirisha limefunguliwa.

Aliyelifunga upepo ulipozidi ni mke mwenzangu. Yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, akampikia, akafua mashuka, akachuma chai yake alfajiri ili arudi kabla mama hajaamka. Na jioni, kila jioni, alimwosha miguu. Niliwaona Jumapili moja nikienda kuaga. Alikuwa ameketi sakafuni, beseni mbele yake, miguu ile iliyovimba mapajani mwake. Alimkausha kwa kipande cha leso kuukuu, kidole kimoja, halafu kingine, katikati ya kila kidole. Hakuharakisha. Mama mkwe alikuwa amefumba macho.

"Mkono wako mwepesi, mwanangu," akasema.

Mimi ndimi niliyeolewa kwanza katika boma lile, na hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu, nikaona wivu. Nimetafuta neno jingine lenye heshima zaidi, sikulipata. Mkono wangu ungekuwaje mwepesi, nami sikuwahi kuutia kwenye maji yale? Lakini wivu hauulizi maswali ya namna hiyo.

Mama alipofariki, familia ikaketi kugawana kazi. Kuandika wasifu wa marehemu hakukujadiliwa. Mwalimu yupo, ataandika, atausoma. Niliandika kwa siku mbili: alikozaliwa, alikobatizwa, watoto aliowazaa, jinsi alivyopenda kwaya, jinsi alivyokuwa akifukuza ndege kwenye shamba la wimbi kwa kuwaimbia badala ya kuwatupia mawe. Ulikuwa wasifu mzuri, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu ndilo jambo la pekee nisilolionea aibu hapo. Nilipofika kwenye ugonjwa, mume wangu akaegemea mlango akasema, "Usisahau kumtaja mke wa ndugu yangu. Yeye ndiye alikuwa mikono ya mama."

Nikaandika. Sentensi mbili. Kisha kabla usiku haujaingia nikazisoma tena, na nikaona akilini umati ule wote chini ya hema, walimu wenzangu wamekuja na basi la shule, na kila mmoja wao akijiuliza: kama yule ndiye aliyemtunza, huyu mke mkubwa alikuwa wapi? Nikachukua kalamu nyekundu niliyosahihishia madaftari, nikazikata. Badala yake nikaandika: alitunzwa kwa upendo na familia nzima. Nilimwambia mume wangu karatasi imejaa. Yeye ni mtu asiyependa maneno.

Nilisoma kwa kipaza sauti. Spika zilikuwa kubwa, sauti yangu ilivuka bonde ikarudi. Niliwashukuru madaktari, nikawashukuru wachungaji, kwaya, kikundi cha akina mama, majirani na walimu. Mke mwenzangu alikuwa mstari wa pili na watoto wake. Nilipofika kwenye familia nzima niliinua macho, na yeye alikuwa akinitazama. Hakukunja uso. Alingoja, kama mtu anayengoja jina lake kwenye orodha ya waliopita mtihani, mpaka nikageuza ukurasa. Kisha akainamisha kichwa, akamfunga mtoto vifungo vya shati vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Mimi nina hasira za karibu, tungerushiana maneno uwanjani, majirani wakaja, mambo yakaisha. Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi nilifika na mkoba wangu, nikangoja kuitwa mwalimu shika kisu. Akatoka jikoni amebeba kiti. Kiti cha mbao, chenye mto wa kufumwa, kile cha sebuleni kwake. Akakiweka kivulini.

"Karibu, Mwalimu. Keti upumzike."

Akaniletea chai katika kikombe cheupe chenye maua mekundu na kisahani chake. Kile kikombe nakijua. Kilikuwa kikishushwa kabatini akija mchungaji, au mama wa mchumba, au mtu wa serikali. Nilinyoosha mkono nichukue kisu kilichokuwa juu ya ndizi, naye akakiondoa taratibu, kwa adabu.

"Acha tu, utachafuka."

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimaliza karibu mwaka mzima sijapewa hata mwiko. Kila Ijumaa kiti, kila Ijumaa kikombe. Hakuniacha na njaa, hakuninyima salamu, watoto wake waliniletea maji ya kunawa wakipiga magoti. Niliketi katika uwanja wa nyumba yangu mwenyewe nikishikilia kisahani.

Mwanzoni nilikasirika. Nilimlalamikia mume wangu kwamba mke wa ndugu yake ananikosea.

"Amekukosea nini?" akauliza.

Nikafikiri. "Amenipa chai," nikasema.

Mume wangu akarudi kunoa panga lake.

Basi ndiyo sababu ya yule mjane mzee. Siku ya meza ya Bwana ikifika, kabla wimbo wa mwisho haujaisha nilikuwa nimeshatoka nje, nimeteka maji, nimempigia magoti bibi yule kabla mwingine hajamwona. Nani atamlaumu mtu anayemwosha mjane? Mke mwenzangu aliosha na kuoshwa na wengine, benchi la upande wa pili. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mkate ulikuwa mkavu kinywani mara zote tatu, nikajiambia ni unga.

Mara ya nne nilifika na beseni langu, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono. Bibi akavuta miguu yake nyuma, akaificha chini ya benchi.

"Magokoro, kuna nini?" Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

"Hii miguu imeoshwa mpaka imechoka," akasema. Hakuipunguza sauti, mwenye masikio mazito hajui kunong'ona. "Mwalimu, mwaka mzima unaniosha. Mimi nimekukosea nini? Hapa hakuna vumbi. Peleka hayo maji penye vumbi."

Shemasi mmoja akajifanya anakunja taulo iliyokwisha kukunjwa. Nilinyanyuka na beseni langu, uso unawaka, na kwa sekunde kadhaa nilitaka kuyamwaga yale maji nirudi Masimba kwa miguu. Lakini beseni lililojaa haliwezi kubebwa kwa hasira, linamwagikia viatu vyako mwenyewe. Nikavuka nyasi polepole mpaka benchi la pili.

Mke mwenzangu alikuwa bado hajapata mtu. Akaniona nakuja. Akavua viatu.

Niliosha miguu yake, na hiyo kweli ilikuwa na vumbi. Alikuwa ametembea na watoto njia yote ya juu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa mrefu. Nilipitisha maji hapo kwa uangalifu, na nikainama zaidi ili wengine wasisikie.

"Nisamehe," nikamwambia. "Kwa ile karatasi."

Alinijibu kwa upole, kama anavyosema na mtoto mwenye homa.

"Mwalimu, ile karatasi ulisoma na spika. Ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Sasa kuomba msamaha ndiyo unaninong'oneza?"

Tukabadilishana nafasi, kwa maana ndivyo inavyokwenda, aliyeosha naye huoshwa. Akapiga magoti, akanishika mguu, na maji yakanipitia. Kisha akachukua taulo. Akanikausha kidole kimoja, halafu kingine, katikati ya kila kidole. Hakuharakisha. Nikajua mama mkwe alikuwa akisema nini, macho yake yamefumbwa. Nililia pale kwenye benchi mpaka pua ikatiririka, na watu wazima wawili wakatazama pembeni kwa heshima. Tulikumbatiana, tukaomba, tukaingia kula mkate. Nikadhani yamekwisha.

Ijumaa iliyofuata nikafika na mkoba wangu. Kiti kilikuwa kivulini. Kikombe kilikuwa juu ya kisahani.

Usiniulize kama nilikasirika. Nilikasirika. Amenisamehe kanisani, nikajiambia, mbona hajanisamehe nyumbani? Nilikunywa chai ile yote kwa hasira, na nilipofika chini, kwenye majani yaliyobaki, ndipo maneno yake ya spika yakanirudia. Alikuwa ameniambia wazi. Kusamehe alikuwa amesamehe, labda hata kabla ya beseni. Lakini watu waliokaa chini ya lile hema walikwenda makwao wakijua jambo lisilo la kweli, na msamaha wake usingeweza kuwafuata nyumba kwa nyumba kuwarekebisha. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti chenye mto.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu ifanyike kumbukumbu ya mama. Kaburi lilikuwa limeshajengewa, ng'ombe alikuwa ameshachaguliwa, na kama kawaida ilisemwa mwalimu atasoma wasifu. Nikatoa karatasi ile ile. Chini ya wino mwekundu sentensi zangu mbili bado zilisomeka. Safari hii mume wangu aliponikuta naandika, niliigeuza karatasi aione. Akaisoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti akaketi karibu nami mpaka nikamaliza.

Jumapili ile watu walijaa uwanjani, karibu wale wale, hata walimu wenzangu. Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili, mimi niliyezoea kusimama mbele ya watoto sitini.

"Mwaka jana," nikasema, "niliwasomea kwamba mama alitunzwa na familia nzima. Si kweli. Familia nzima tulimtembelea. Aliyemtunza ni mmoja."

Nikamtaja. Mke wa mwana mdogo. Nikasema kwamba jina lake lilikuwa kwenye karatasi na mimi nililikata kwa mkono wangu, kwa sababu niliogopa mkisikia alipokuwa yeye, mtauliza nilipokuwa mimi. Sauti ikavuka bonde, ikarudi. Nikaendelea kusoma: alimlisha, alimfulia, alimgeuza kitandani ili asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Kila jioni kwa miaka miwili alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu.

"Na chumvi!"

Watu wakageuka. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jikoni, mwiko mkononi, macho yamejaa.

"Maji yalikuwa na chumvi," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Chumvi ndiyo ilimsaidia."

Nikamwomba mchungaji kalamu. Pale pale mbele ya watu wote nikaandika chumvi, nikarudia kusoma sentensi nzima tangu mwanzo, na chumvi ndani yake. Watu wakacheka, na shangazi zake mume wangu waliokuwa wakilia wakacheka pia. Yule mjane mzee alikuwa mstari wa mbele, akamuuliza jirani yake kwa sauti iliyosikika na kila mtu, "Amesema?" Jirani akamjibu ndiyo, amesema.

Baada ya maombi nikazunguka kwenda nyuma ya jikoni. Kiti kilikuwepo, na mto wake. Kikombe kilikuwa mezani juu ya kisahani. Nikasimama katikati, sikujua niende wapi, nikaona ni bora nikae tu, nimezoea. Mke mwenzangu akanipita. Akachukua kile kikombe, akamimina chai, akamkabidhi mtoto wake.

"Mpelekee mchungaji. Na hicho kiti pia."

Kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa bado umelowa na alikuwa na haraka. Wageni mia walikuwa wakingoja chakula.

"Wewe Mwalimu, umesimama hivyo ndizi zijimenye?"

Akanipa kisu. Nikaketi kwenye kigoda, na nguo yangu ya kanisani, karibu na rundo la ndizi lililonifika magotini. Kwa furaha nikasahau kujipaka mafuta mikononi kwanza, kama inavyotakiwa, na utomvu ukanishika vidole vyote kumi. Tukamenya. Baadaye mkono wake ukaja mbele yangu, ukaokota ganda, ukaliinua mwangani.

"Bado unamenyea ng'ombe," akasema.

Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni. Jumatatu niliposhika chaki, vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na msichana mmoja wa dawati la mbele akaniuliza mikono ya Mwalimu imefanya nini. Nikamwambia nilikuwa nyumbani.